Saa Tatu na Nusu

Fundi Lusangija aliniuliza vifaa vyangu viko wapi.
Vyake yeye anavijua hata kwa harufu:
randa, tezo, msumeno uliong'oka meno mawili,
timazi ya uzi wa kijani
aliyoondoka nayo reli ilipopunguza watu.
Tumepanga nyumba moja, Isevya, ukuta katikati.
Upande wake mizinga ya nyuki inasubiri kupakwa nta.
Upande wangu laptopu moja, feni yake ikikoroma.

Nikamfungulia dirisha jeusi.
Halina picha, halina urembo,
kistari kimoja tu kinachopepesa
kama mtu anayengoja umalize sentensi yako.
Nikaandika neno moja, na katika faili elfu tatu
likajitokeza kila lilikojificha, na namba ya mstari.
Akaguna. "Mimi nyundo tu
naitafuta nusu siku, na nimeikalia."

Nikamwonyesha kihariri,
kinachotia wekundu chini ya kosa
kabla sijamaliza kulikosea.
Vidole vinajua njia zake gizani
kama mtu aendaye msalani usiku bila taa.
Mara mbili nilikihama, nikafuata vipya vyenye mbwembwe.
Mara mbili nilirudi nimenywea.

Na kaunta buku ya kwaya mbili, imejaa mishale,
maana yako mawazo yasiyokubali kuzaliwa
mpaka kwanza uyakatekate kwa kalamu.

Kisha nikafungua nikipendacho kuliko vyote,
kile kinachotunza kila toleo la kazi yangu.
Kila nilipohifadhi pana tarehe, pana saa,
na ujumbe mfupi niliojiachia mwenyewe:
mizani inasoma nukta.
mizani haisomi nukta.
jamani.
"Alhamisi ya wiki jana," nikamwambia,
"niliharibu hesabu za chama cha wafuga nyuki.
Asali ya Mwashi wa Sikonge, kilo kumi na nane na nusu,
ikaingia kilo mia na themanini na tano.
Karani alicheka. Mwashi hakucheka:
aliitwa mwizi, foleni nzima ikimtazama.
Basi nikabonyeza hapa, na hapa,
nikarudi Jumatano, kabla ya kosa,
nikashika tawi jingine. Ikawa haijawa."

Fundi alikaa kimya.
Kisha akanyanyua mkono wa kushoto, ule wa vidole vinne,
akauweka kwenye mwanga wa skrini.
"Mwaka wa tisini na nane. Karakana ya reli,
msumeno wa duara. Saa nne kasorobo asubuhi.
Hebu nirudishe saa tatu na nusu."

Nilitaka kucheka naye, maana yeye alikuwa anacheka.
Lakini nilikuwa natazama ule mstari wa Jumatano,
safi, hauna doa,
nikakumbuka alichonisimulia karani kwenye simu:
kwamba programu imepona, hesabu zimekaa sawa,
na huko Sikonge watoto
wanamwita Mwashi Kilo Mia.

Umeme ukakatika.
Laptopu ilibaki na asilimia kumi na moja.
Fundi akaingia kwake, akarudi na taa ya sola,
akaitundika kwenye msumari ambao sikuwahi kujua
kwamba upo ukutani kwangu.
"Sasa utafanyaje?"
Nikafunua kaunta buku. Kalamu ilikuwa imekauka.
Akachomoa penseli sikioni, ile bapa ya seremala,
nyekundu, imechongwa kwa patasi,
nami nikaandika kwa herufi kubwa, jaribio la kwanza la kesho:
18.5 iingie 18.5, itoke 18.5.
Chini yake, namba ya simu ya Mwashi.

Namba nimeipiga mara tatu, haipokelewi.
Penseli sijairudisha.